Sajini Magesa Makoye na Jina Alilokataa Kulifuta

Marehemu Magesa Makoye alizaliwa Segese tarehe 12 Machi 1956, mtoto wa tatu wa Mzee Makoye na Bi. Tereza. Alianza na kuchunga ng'ombe, shule ikafuata baadaye. Alimaliza darasa la saba hapo hapo Segese mwaka 1972, na mwaka 1975 akajiunga na jeshi.

Katika Vita vya Kagera alikuwa koplo. Jioni moja majina yalipoitwa, mwenzake Otmar, kijana wa Ushirombo, hakuitika. Ilikuwa aandikwe amekufa. Marehemu aliomba ruhusa, akarudi nyuma, akamkuta migombani akiwa hai, mguu umevunjika, akambeba mgongoni hadi kambini. Tangu hapo aliamini kuwa mtu hafutwi kwenye orodha mpaka aonekane.

Otmar alimlipa kwa kumtambulisha kwa dada yake, Agatha. Walifunga ndoa Parokia ya Ushirombo tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa watoto watano: Violeth, Masalu, Wiliam, Asteria na Sikujua. Alistaafu mwaka 1997 akiwa sajini, akarudi Segese kulima mpunga. Hakuwahi kula kabla ya watoto wake. Kila jioni, ugali ukishatengwa, aliita majina yao moja moja, nao wakaitika, "Nipo, Baba." Hata padri alipokuja kula chakula aliitwa, akajikuta anaitika, "Nipo, Afande." Mkewe, Mama Violeth, alicheka mpaka akaacha mboga ikaungua.

Tarehe 3 Novemba 2016, duara, yaani shimo la dhahabu, alimokuwa akichimba Masalu, upande wa Kharumwa, lilititia. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na mkewe, Mbuke, alikuwa na mimba ya miezi sita. Watu walichimba siku tisa, wakatoa miili mitatu. Masalu hakuonekana, na shimo likafukiwa. Wazee walitaka matanga yawekwe. Marehemu alikataa katakata.

Kila mwezi alikwenda Kharumwa, akasimama juu ya ule udongo, akaliita jina la mwanawe kwa sauti ya gwaride, akasubiri. Wachimbaji walimzoea, wakawa wanazima mashine zao mpaka amalize. Nyumbani pia aliendelea kuliita kila jioni, na chakula kilipoa watu wakisubiri jibu.

Lisemwe wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kufichaficha: jambo hili lilimwonea Mbuke. Kwa miaka minane na zaidi hakuwa mke wala mjane. Mwaka 2021 alipiga magoti mbele ya marehemu.

"Baba, shikamoo. Naomba mniruhusu nimlilie."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Umlilie nani? Ameonekana wapi?"

Mbuke aliinuka, akaenda kusonga ugali. Marehemu hakuwa katili. Alimpenda mkwe huyu kama bintiye, na mjukuu, Makoye, aliyezaliwa baada ya shimo kufukiwa, alilala kifuani pake. Ila hilo moja lilimshinda.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019. Mei mwaka huu, 2025, alipooza upande wa kushoto, akalazwa Kolandoto, na Mbuke ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Jioni ya Jumamosi tarehe 7 Juni, watoto wakiwa wamezunguka kitanda, alianza kuita. Violeth aliitika. Alipomwita Masalu alisubiri kama kawaida.

"Hayupo, Baba," alisema Mbuke. "Amekufa."

Marehemu alimtazama kwa muda mrefu, akageukia ukutani. Wiliam, Asteria na Sikujua walisimama wakingoja kuitwa, lakini hawakuitwa. Hakutamka neno tena, na Jumatatu tarehe 9 Juni, saa kumi na moja alfajiri, alikata roho. Tangu siku ile Mbuke hali chakula, anasema neno lake ndilo lililomuua. Mama Violeth amemwambia sivyo, na hasikii.

Marehemu ameacha mjane, Agatha, watoto wanne, Violeth, Wiliam, Asteria na Sikujua, mkwe, Mbuke, na wajukuu tisa. Ametanguliwa na mwanawe, Masalu. Sentensi hiyo familia inaiandika kwa mara ya kwanza, bila ruhusa ya baba, na kaburi la Masalu hatuna la kuwaonyesha. Leo, mbele ya jeneza hili, Mbuke amefunga kitambaa cha ufiwa kwa ajili ya wawili.

Sajini Magesa Makoye apumzike kwa amani. Na Masalu, huko alikofukiwa, naye apumzike.