Gregori Kapinga, Mpiga Bluzi wa Jumapili za Kisarawe
(3 Mei 1944 – 18 Septemba 1984)

Mpendwa wetu Gregori Anselmi Kapinga alizaliwa tarehe 3 Mei 1944 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, karibu na stesheni ya Soga. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Anselmi Kapinga na Mama Dionisia, waliotoka Mbinga kuja kukata mkonge kwa mkataba wa miaka miwili na hawakurudi tena. Kambini walikaa watu wa makabila zaidi ya kumi, na Gregori alijua nyimbo za wote kabla hajajua kuandika jina lake. Baada ya miaka minane akazaliwa mdogo wake wa pekee, Bertha, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya misheni tangu 1952 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1959. Katika somo la useremala aliagizwa atengeneze kigoda, akapeleka gitaa. Mwalimu alimpa sifuri, halafu akaliazima gitaa lile kwa misa ya Krismasi. Baba yake alipomuuliza habari za sifuri hiyo, Gregori alijibu, “Baba, sifuri ni ya kigoda. Gitaa hakulisahihisha.” Mzee Anselmi hakuwa mtu wa kucheka hovyo, lakini siku hiyo ilibidi atoke nje.

Mwaka wa Uhuru, akiwa na miaka kumi na saba, alianza kazi ya useremala Kibaha. Bei ya mkonge ilipoanguka na shamba kufungwa mwaka 1968, aliwatafutia wazazi wake eneo hapa Pangani ya Kibaha, akawajengea nyumba kwa mikono yake. Baba alifariki mwaka 1971. Gregori mwenyewe alihamia Sofu, papo hapo Kibaha, kwenye ushirika wa maseremala, akitengeneza madawati, milango na majeneza. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi aliyoipenda ilikuwa Kisarawe.

Mwaka 1966 alijiunga na bendi ya Vilima Jazz, chini ya mpiga ngoma Bwana Mashaka Adamu, ambaye tunaye hapa leo. Kila Jumapili asubuhi Gregori alipanda basi hadi Dar es Salaam, akapanda jingine hadi Kisarawe, gitaa likiwa mgongoni. Kulikuwa na bugi, dansi la mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili. Bendi ikishapiga nyimbo zake, Bwana Mashaka alitangaza zamu ya wote, na mwenye kujua chombo au mwenye sauti akapanda jukwaani. Walipanda walimu, askari, wakulima wa mihogo, hata karani mmoja wa wilaya aliyejua wimbo mmoja tu na kuuimba kila wiki. Wengine wa bendi walitumia muda huo kupumzika. Gregori alibaki jukwaani akimfuata kila aliyepanda, akimwokoa aliyepotea njia, na hakumcheka mtu.

Saa ya mwisho ilikuwa ya bluzi, zile nyimbo za taratibu ambazo mtu hucheza na mwenzi wake. Hapo watu walikuwa wakimwita kwa jina hilo hilo: “Bluzi! Bluzi!” Alipiga amefumba macho. Watu walicheza wawili wawili, kisha wakaondoka wawili wawili, naye akafunga gitaa na kurudi stendi peke yake. Bwana Mashaka anasema kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwona Gregori akicheza dansi.

Tarehe 27 Septemba 1969 alifunga ndoa na Efrazia Hyera katika kanisa la Pugu. Bwana harusi alijipigia muziki wake mwenyewe, na bibi harusi akakaa peke yake mezani mpaka mama mkwe akaenda kumnyang'anya mumewe gitaa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Skolastika, Wilfred na Dionisia.

Mwaka 1975 aliugua kifua kikuu. Alichomwa sindano kila siku kwa miezi miwili, akapona, akarudi kazini na kwenye bendi. Lakini masikio yake yalikuwa yameanza kupiga mluzi, na mluzi ule haukukoma. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: ndege, kengele ya baiskeli, kisha sauti za wanawake na watoto. Hakumwambia mtu. Mwanamuziki asiyesikia angewekwa wapi? Akajifunza kutazama midomo, na asipoiona alijibu, “Sawa, sawa.” Hapa mtaani tukasema Gregori anaringa. Vijana walimpa shikamoo akapita. Efrazia, akiwa anamsemesha mtu aliyempa mgongo, alianza kuamini kwamba mumewe ana mwanamke Kisarawe. Nyumba ikawa kimya, na Gregori katikati yake alikuwa kimya zaidi.

Familia imekubaliana jambo linalofuata lisomwe.

Alhamisi tarehe 8 Machi 1979, Bertha alikwenda Sofu kwenye karakana. Gregori alikuwa ameinamia ubao anapiga randa. Bertha akasimama nyuma yake, akasema, “Kaka, mama kazidiwa. Anakuita. Twende leo hii.”

Gregori aligeuka, akamwona, akatabasamu. “Sawa, sawa. Nitakuja Jumapili.”

Bertha aliondoka bila kuaga. Mama Dionisia alifariki Jumamosi alfajiri. Aliyetumwa Sofu aliikuta nyumba imefungwa, kwa kuwa Efrazia na watoto walikuwa safarini Songea, na Gregori alikuwa amekwenda Kisarawe kwenye mazoezi na kulala huko. Mama akazikwa Jumapili adhuhuri. Saa nane Gregori akatokea njiani na kilo ya sukari mkononi na gitaa mgongoni, akiwa mwenye furaha, mpaka alipoona watu wamekaa chini uani.

Bertha alimfuata njiani. “Umekuja kutupigia muziki?” alimwambia. “Rudi huko huko kwa wenzako.” Akamwambia na mengine ambayo hayafai kurudiwa mahali hapa. Gregori alimtazama mdomo, akawatazama watu. Aliuliza jambo moja tu: “Mama yuko wapi?” Hakuna aliyemjibu kwa namna ambayo angeweza kusikia. Aliliona kaburi, akaenda akakaa pale hadi jioni. Miaka miwili na miezi mitatu iliyofuata, Bertha hakukanyaga kwa kaka yake.

Jumapili tarehe 14 Juni 1981, ukumbi wa Kisarawe ulikuwa umejaa na bluzi imeanza. Umeme ukakatika. Spika zikafa, mwimbaji akanyamaza, besi ikanyamaza, Bwana Mashaka akaweka fimbo za ngoma chini. Watu wakasimama walipokuwa. Gregori aliendelea. Alikuwa amefumba macho kama kawaida yake, vidole vikitembea kwenye nyuzi ambazo sasa zilitoa mkwaruzo tu. Watu wakacheka, wakidhani anafanya mzaha. Akapiga ubeti mzima. Akaingia wa pili. Kicheko kikaisha, na ukumbi mzima ukabaki unamtazama mtu anayewapigia wimbo ambao haupo. Bwana Mashaka akaenda akamshika mkono. Gregori akafumbua macho, akaona taa zimezimika, akaona nyuso za watu. Akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, “Basi mmejua.”

Kesho yake Bwana Mashaka alifika hapa Pangani.

“Dada Bertha,” alisema, “kaka yako hasikii. Mimi mwenyewe nimejua jana, na nimekaa naye miaka kumi na mitano.”

“Tangu lini?”

“Anasema tangu zile sindano.” Kisha akaongeza, “Ile Jumapili ya msiba wenu alikuja kuniaga asubuhi. Ukiacha alipougua, alikuwa hajawahi kukosa bugi hata siku moja, nikamkasirikia. Akasema, lazima niende kwa mama, nimemwahidi mdogo wangu.”

Bertha alikwenda Sofu siku ile ile. Akakaa mbele ya kaka yake, akachukua daftari la Skolastika, akaandika: *Siku ile karakanani nilikwambia mama anakufa.* Gregori alisoma, akasoma tena. “Nilidhani umesema mnanisubiri Jumapili,” alisema. “Nilikuona umekuja, nikafurahi tu.” Bertha alipoanza kulia, yeye ndiye aliyembembeleza. Hakumlaumu siku hiyo, wala siku nyingine yoyote, na ingekuwa afadhali angemlaumu.

Vilima Jazz hawakumwacha. Gregori alijenga jukwaa la mbao mahali pa lile la saruji, akawa anapiga pekupeku, kiti chake kikiwa karibu na ngoma kubwa ili apate mapigo kwa nyayo. Hakupiga tena nyimbo za haraka, wala hakuweza tena kuwafuata wale wa zamu ya wote. Alipiga bluzi tatu, mwisho wa kila bugi, kisha akamgeukia Bwana Mashaka na kuuliza, “Imetoka?” Bwana Mashaka akaitikia kwa kichwa: imetoka. Baada ya hapo watu walikuja kumpa mkono, wakasema maneno mazuri, naye akasema sawa, sawa.

Kifua kikuu kilimrudia mwezi Aprili mwaka huu. Alilazwa Juni, akaruhusiwa, akalazwa tena Agosti. Bertha na Efrazia walipokezana kitandani pake na daftari. Wiki ya mwisho alimwambia Efrazia kwamba muziki haumsumbui, kwa sababu muziki anao kichwani, wote, hata ule wa kambini. Kinachomsumbua ni mtoto wa mwisho, Dionisia, aliyezaliwa mwaka 1977. “Yule sijawahi kumsikia,” alisema. “Sauti yake ikoje?”

Efrazia alishika kalamu muda mrefu, asijue sauti inaandikwaje. Mwishowe akaandika: *Nzito kidogo. Kama ya mama yako.*

Gregori aliomba aletewe mtoto. Akamweka kifuani, akamwambia aongee, lolote tu. Dionisia akamsomea kitabu chake cha darasa la kwanza toka mwanzo hadi mwisho, na baba yake akamwekea kiganja mgongoni muda wote, hadi kitabu kilipokwisha. Hiyo ilikuwa Jumapili. Alifariki Jumanne tarehe 18 Septemba 1984, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Ameacha mjane, Efrazia. Watoto watatu, Skolastika, Wilfred na Dionisia. Mdogo wake, Bertha. Na Bwana Mashaka Adamu pamoja na wenzake wa Vilima Jazz, ambao familia inawahesabu kuwa ndugu.

Ee Bwana, umpokee Gregori, umsemeshe, na umpe amani.