Zamu ya Mastula

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Dakta Hirsi Guleed, msomi wa historia, aliyefariki wiki iliyopita hapa Dubai. Dakta Hirsi alikuwa balozi asiye na ubalozi. Nchi yake, Somaliland, ilijitangazia uhuru, naye alizunguka na neno moja tu: itambuliwe.

Alilisema mtaani Deira kwa mawakala wa mizigo. Alilisema migahawani mtaa wa Karama, akichora mipaka kwa wali kwenye sahani. Hata siku ya ndoa yake alichelewa, kisa alikutana na mwandishi wa habari kwenye lifti.

Bi harusi alikuwa Mastula, Mganda, mfanyakazi wa mapokezi hotelini. Na Mastula, wasikilizaji, alikuwa na wivu. Si wa wanawake. Aliionea wivu nchi. Wageni wa nchi walimaliza chai yake, simu za nchi ziliingia mpaka chumbani. "Angekuwa mwanamke ningemvizia sokoni," alimwambia dada yake, Barbara. "Huyu nitamkamata wapi?"

Siku moja akamkalisha mumewe. "Daktari, wewe una wake wawili. Basi sharia ifuatwe. Gawa zamu."

Dakta Hirsi alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaona mwenziwe hacheki. Akagawa: Alhamisi ya Mastula, siku zilizobaki za nchi. Na alitimiza. Wakubwa wa nchi wakipiga simu Alhamisi, Mastula aliwajibu mwenyewe, "Leo yuko kwangu."

Wasikilizaji wapendwa, Dakta Hirsi alifariki Alhamisi asubuhi, hospitalini. Kaka yake, Mzee Rooble, akapiga simu kutoka Hargeisa. Walitaka akazikwe kwao kwa heshima. "Shemeji, huyu ni wa watu wote."

"Leo ni zamu yangu," Mastula akajibu. "Nchi itapata msemaji mwingine. Mimi mume sipati. Khalas."

Akawahimiza wanaume wasikawie, maana jua likizama Ijumaa inaingia, na Ijumaa ni ya mwenzake. Dakta Hirsi alizikwa hapahapa Dubai, kabla ya magharibi.

Juzi Mastula alituambia, "Sasa ninazo siku zote saba. Ningezirudisha zote, aingie tu mlangoni amechoka, anaongelea nchi yake."

Pole Bi Mastula. Pole Mzee Rooble na jamaa wote wa Hargeisa. Mungu amrehemu. Nawe msikilizaji, kama nyumbani kwako kuna mtu wa jambo moja asubuhi mpaka jioni, leo mwache amalize.