Doria Yetu na Ndege wa Ami Larbi

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Moukhtar, hapa Oran, pembeni ya ngazi zinazoshuka kuelekea bandarini. Betri za magari zilipoanza kuibwa mtaani, polisi waliomba wakazi wajitolee kufanya doria. Tulijitolea watano. Tukapewa vizibao vya njano na filimbi. Miezi miwili imepita na bado hatujaanza, kwa sababu hatujakubaliana kama doria ianzie juu ya ngazi au chini. Kila asubuhi tunakutana kulijadili hilo kwa kahawa. Jumanne, mjadala ukiwa umepamba moto, Ami Larbi aliinua macho kulitazama tundu lililotundikwa ukutani, juu tu ya vichwa vyetu. Mlango wake ulikuwa wazi. Maknini wake hakuwemo.

Maknini ni ndege mdogo mwenye uso mwekundu, na mtaani kwetu mtu hupimwa kwa namna maknini wake anavyoimba. Ndege huyu alifundishwa na Ami Larbi kwa miaka minne, redio ikiwa imezimwa nyumba nzima, maana ndege huyu huiga anachokisikia. Hajawahi kujitafutia chakula. Asingerudi kabla ya magharibi, paka wa ngazini wangemmaliza.

Wa kwanza kusimama alikuwa Kamishna, mkaguzi mstaafu wa tiketi za basi. Cheo alijipa mwenyewe.

Kamishna: Asiondoke mtu! Hapa pameshakuwa eneo la tukio.

Akajibiwa na Dagaa, muuza samaki, pande la mtu.

Dagaa: Tuondoke twende wapi, bwana? Miezi miwili hii tumeondoka lini?

Ami Larbi: Jamani, ndege wangu.

Kamishna: Tulia, Ami Larbi. Mlango wazi, ndege hayupo. Huu ni wizi wa mchana kweupe.

Dagaa: Au katoka mwenyewe.

Ami Larbi: Atoke aende wapi? Yule anakula mkononi mwangu! Wanangu wote sita hakuna anayenisikiliza kama yule.

Setilaiti, fundi wa madishi ya televisheni, alikuwa ameshampata mshukiwa.

Setilaiti: Ni watu wa mkahawa wa chini. Maknini wao haimbi, anakohoa. Wamechoka kuchekwa.

Dagaa: Kwa hiyo wamekuja kumchukua hapo juu ya kichwa chako, na wewe umekaa?

Setilaiti: Nilikuwa nimeinama nakoroga sukari.

Dagaa: Sukari unakoroga nusu saa?

Setilaiti: Mimi ni vijiko vinne.

Kamishna: Nyie mnaangalia karibu mno. Huu ni mtandao. Mtaniambia. Mzizi wake uko ng'ambo ya mpaka.

Dagaa: Acha kamba zako. Mpaka umefungwa.

Kamishna: Umefungwa kwa watu. Nani kamwomba ndege pasipoti?

Dagaa: Haya, nisikilizeni mimi ninayeishi na paka kila siku. Kuna yule wa kijivu. Ndoo yangu ya samaki anaifungua kwa mguu, anachukua mmoja, anaifunika tena.

Setilaiti: Anaifunika?

Dagaa: Anaifunika, wallahi. Yule katumwa. Kuna mtu kamfundisha.

Setilaiti: Paka? Kweli umezeeka. Siku hizi kuna droni, dogo kama simu hii, lina mkono kabisa.

Kamishna: Hilo nililisikia!

Dagaa: Ulisikia nini, na ulikuwa unapiga kelele za ngazi?

Kamishna: Muungurumo. Nilijiambia moyoni, hilo si jambo la kawaida.

Dagaa: Hiyo mashine ya kahawa, Kamishna.

Ami Larbi alikuwa ameketi na punje za ndege wake kiganjani. Nyingine zilidondoka kwenye kikombe chake. Mimi nilipendekeza tutawanyike tutafute. Ikaulizwa tuanzie juu ya ngazi au chini, na hapo tukapoteza robo saa nyingine. Mwishowe Kamishna aliamuru tupige filimbi. Tukapiga, wote kwa mpigo. Dirisha la ghorofa ya kwanza likafunguka, Bi Kheira akatoa kichwa.

Bi Kheira: Gari la gesi limefika?

Kamishna: Hapana, mama. Ni usalama.

Bi Kheira: Ah! Nikadhani kuna jambo la maana.

Akafunga dirisha.

Wakati huo alifika askari mmoja wa kike, mgeni kituoni, ambaye alikuwa ametumwa kuja kufahamiana nasi. Kamishna alimpigia saluti, akamweleza yote: mkahawa wa chini, mpaka, paka, droni. Askari alisikiliza hadi mwisho. Kisha akalitazama tundu, akamgeukia Ami Larbi.

Askari: Aliacha kuimba saa ngapi, baba?

 Ami Larbi alimtazama Setilaiti. Setilaiti akamtazama Dagaa. Dagaa akanitazama mimi, nami nikaviangalia viatu vyangu.

Ami Larbi: Nilipomtundika alikuwa anaimba.

Askari: Na baadaye?

Ami Larbi: Baadaye tulianza kikao, binti yangu.

Askari hakucheka. Alisubiri jibu, na sisi hatukuwa nalo, kwa hiyo hatukusema kitu. Nadhani kimya kama hicho hakikuwahi kutokea hapo kijiweni. Moukhtar alitoka ndani na kikombe kinachodondosha maji, kuangalia kama tumepatwa na jambo.

Ndipo tukamsikia. Sauti fupi tatu, kisha ile ndefu ambayo Ami Larbi alimfundisha kipupwe kizima. Maknini alikuwa juu kidogo ya turubai la kivuli la mkahawa, kwenye kamba ya nguo ya Bi Kheira, katikati ya soksi.

Ami Larbi alipanda benchi na viatu vyake. Akalishusha tundu, akaliinua kwa mkono mmoja, punje zilizobaki akazishika mlangoni kwa mkono wa pili. Ndege akaruka kutoka kwenye kamba hadi kwenye turubai. Akageuza kichwa. Akasogea kidogo kuelekea tundu.

Kamishna alijaza kifua pumzi, akafungua mdomo kutoa amri.

Dagaa alimziba mdomo kwa kiganja chote, kile kile alichoparulia samaki alfajiri. Kamishna alitoa macho, machozi yakamlenga, lakini hakufurukuta. Na maknini akasogea tena.