Mzee Tangazo na Msimu wa Viti Vitupu

Leo ni Jumatatu, tarehe 26 Mei, na naahidi kusimulia yote bila kuficha na bila kutia chumvi. Ijumaa wiki hii mtangazaji wa uwanja wetu, ambaye kila mtu humwita Mzee Tangazo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia klabu. Katibu alimwomba kwanza fundi mitambo aandike ukurasa huu wa kumuaga. Fundi akasema yeye na kalamu hawapikiki chungu kimoja, bora wampe yule binti wa mama mfagiaji, ambaye insha zake husomwa mbele ya darasa. Binti huyo ni mimi.

Mzee Tangazo aliingia klabuni kama mkata tiketi. Siku moja mtangazaji wa zamani alikaukiwa sauti kabla ya mechi, na viongozi wakamkumbuka kijana wa mlangoni ambaye akiipanga foleni husikika mpaka barabarani. Wakampandisha kwenye kibanda cha matangazo, juu kabisa ya jukwaa kuu, na hakushuka tena. Makocha wamekuja na kuondoka. Klabu imewahi kushuka daraja, ikapanda, ikakaribia kushuka tena. Sauti ya kibandani ni ileile.

Watangazaji wengine husoma kikosi kama anayesoma bei za sokoni. Yeye husema nusu tu. "Namba moja!" anaita, kisha ananyamaza, na uwanja mzima unamalizia: "Kufuli!" Huyo ni golikipa. "Namba tisa!" "Kiberiti!" Huyo ni mshambuliaji. Aliwahi kumweleza mama kwamba yeye analipwa kwa nusu ya kazi, na nusu nyingine watu wanaifanya bure.

Vituko vyake ni vingi. Kuna siku aliona pikipiki nyekundu imeziba lango la kupitishia gari la wagonjwa. Akatangaza mwenye pikipiki aje. Hakuja mtu. Akatangaza tena kwa ukali, akauliza kama mwenyewe amelelewa au ameokotwa. Mara ya tatu spika zikakoroma kidogo, kisha ikasikika kwa unyonge: "Samahani, ndugu zangu. Ni yangu."

Mechi zikiisha hakuzima kipaza sauti mapema. Alikaa kuwachokoza wafagiaji. "Dada wa jukwaa la mashariki, umeruka ganda la chungwa!" Mama naye, ufagio juu: "Shuka uliokote, mzee, miguu si unayo?" Nilikuwa naenda kumsaidia mama kukusanya chupa, na kwa miaka yote hiyo niliujua uwanja baada ya watu kuondoka tu. Mama alimuuliza siku moja kwa nini hana haraka ya kwenda kwake. Akacheka. Alisema mkewe ametangulia, watoto wako mbali, na siku hizi akipiga hodi nyumbani anajifungulia mwenyewe.

Msimu huu wa Ligi Kuu ulianza vizuri, tukashinda mechi mbili. Katika mechi ya tatu refa alitoa penalti ambayo jukwaa la mashariki halikuikubali. Zikaruka chupa, kisha viti. Mzee Tangazo aliwasihi. Aliwaita wanangu, akawaita wapenzi wa mpira, akawaita wajukuu. Hawakumsikiliza. Mama anasema mwishoni sauti ilimkatika, na aliposhuka ngazi alishika ukuta kama mgonjwa. Bodi ya Ligi ikafunga milango. Mechi zetu za nyumbani zichezwe bila mashabiki mpaka itakapoamua vingine.

Katibu alimwambia apumzike, orodha ya kikosi ikipelekwa kwa refa inatosha. "Mzee, utamtangazia nani? Viti?" Akajibu, "Viti havijawahi kunizomea." Lakini mama alimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi, na hapo akasema lililokuwa moyoni. Siku ile ya chupa ndiyo mara ya kwanza watu kukataa kumwitikia. Hakutaka iwe ndiyo kumbukumbu yake ya mwisho. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu kabla ya kukabidhi kipaza sauti: aite tena, aitikiwe.

Kwa hiyo aliendelea kutangaza, mechi baada ya mechi, kwenye uwanja mtupu.

Nalijua hili kwa sababu tunakaa chumba kimoja chenye ua mdogo, na ukuta wa ua wetu ndio ukuta wa uwanja, upande wa mashariki. Pasipo mashabiki hapakuwa na cha kufagia, hivyo mama alipata kibarua cha usafi hospitalini, na Jumamosi nzima alikuwa huko. Mimi nilibaki uani na vyombo, madaftari na ule ukuta. Nilisikia kila kitu. Nilisikia mpira ukipigwa. Nilisikia kocha akipayuka, "Bana kulia! Kulia, jamani, huo mkono unaolia ugali!" Nilimsikia Kufuli akiwatukana mabeki wake maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Na kabla ya yote nilimsikia Mzee Tangazo. "Namba moja!" Kisha kimya. Hakuruka. Aliiacha nafasi ya watu wazi, kama anayeweka sahani ya mtu ambaye hajarudi. "Namba mbili!" Kimya. Akaenda hivyo mpaka mwisho. Mechi ilipoisha akasema kwa mazoea, "Tokeni taratibu, msisukumane," na nikasikia wachezaji wakicheka. Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikawasha redio ili chumba kiwe na mtu.

Mechi iliyofuata nilikuwa nasuuza sufuria. "Namba moja!" alipoita, neno likanitoka lenyewe: "Kufuli!" Jirani yetu mshonaji akachungulia dirishani. "Wewe mtoto, unagombana na nani?" Nikasema nafanya mazoezi ya kughani. Tangu siku hiyo niliitikia kila jina, nimesimama karibu na ukuta, mikono imezunguka mdomo. Sikumwambia mtu. Sikujua kama sauti yangu inavuka. Nilijua tu kwamba Jumamosi hazikuwa ndefu kama mwanzo.

Nilipokuwa nakusanya habari za ukurasa huu, fundi mitambo alinieleza kitu kidogo. Katikati ya msimu Mzee Tangazo alianza kufungua dirisha la kibanda, hata mvua ikinyesha. Fundi alidhani ni joto.

Juzi Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi. Tulihitaji sare tu tusishuke daraja, na Bodi ilikuwa imefungua milango. Mama alirudi na ufagio wake, na katibu akampa tiketi yangu. Nilikaa jukwaa kuu, viti vichache chini ya kibanda. "Namba moja!" Watu walijibu mpaka ndege wakatoka kwenye paa. Nami nilipiga kelele, nisijisikie hata mwenyewe. Alipofika kwa Kiberiti, sauti ilikuwa inamtetemeka kwa furaha. Alichokiomba alikuwa amekipata.

Kisha likatokea lile ambalo kila mtu anazungumzia. Kelele ziliisha, ikabaki zamu yake kumtaja refa, naye hakusema neno. Niligeuka. Alikuwa amesimama dirishani, hatutazami sisi. Anatazama mashariki, juu ya ukuta wetu, mahali linapoonekana bati la nyumba yetu. Refa akaangalia saa. Fundi akamgusa bega, ndipo akaendelea. Fundi anasema alisahau. Wengine wanasema ni machozi. Mimi najua tu kwamba nyuma ya ukuta siku hiyo hapakuwa na mtu.

Tulitoka sare ya bao moja kwa moja, tumebaki Ligi Kuu. Naye akaaga: "Tokeni taratibu. Leo sina haraka."

Mzee wetu, klabu inakushukuru kwa kila jina uliloliita na kila nafasi uliyotuachia. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na hodi zinazofunguliwa na watu. Ijumaa utapewa kipaza sauti utoe neno. Nitakuwa mstari wa nyuma na mama. Kabla ya salamu zote naomba unijibu hili moja, maana limeninyima usingizi: juzi, uwanja ulipokwisha kuitikia na wewe ukanyamaza ukitazama ukuta wetu, ulikuwa unanisubiri mimi?