Nakala Mama

Benchi lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na wazee wa kijiwe walikwisha kulizoea. Lilitazamana na geti la zahanati, ambako asubuhi hiyo foleni ilikuwa imefika barabarani kwa sababu seva, yaani ile mashine inayotunza mafaili ya wagonjwa wote, ilikuwa imekufa tangu Jumamosi. Mtunzaji wake, ambaye kijiweni walimwita Diski tangu zamani, alikaa pembeni na kahawa iliyopoa. Saa nne alitakiwa kwa daktari mkuu na maelezo ya maandishi. Karatasi ilikuwa mfukoni, nyeupe pee.

— Virusi hao, alisema Kinyozi. Simu ya shemeji yangu iliingiwa na virusi, ikawa inampigia mkewe yenyewe.

— Ile seva inatumia mfumo wa Linux, bwana, alisema Diski. Virusi wake wa kutafuta kwa tochi.

— Linux si ile yenye picha ya pengwini? aliuliza Wakili, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, akiwa shahidi. Basi ndiyo hapo! Ndege asiyeruka unamtumaje mji wa pili na mzigo?

— Mzigo ulifika, alisema Diski. Kila asubuhi ulifika kwenye mashine ya mji wa pili.

— Mzigo gani sasa? aliuliza Profesa, mwalimu mstaafu wa udereva.

— Bekapu, mzee, nakala za akiba mashine ikifa. Mara ya kwanza unatuma nakala ya kila kitu. Hiyo ndiyo nakala mama. Baada ya hapo, kila siku unatuma yaliyobadilika tu.

— Haba na haba hujaza kibaba! Profesa alipiga goti kwa furaha.

Kibaba chenyewe Diski alikitupa kwa mkono wake. Miezi miwili nyuma seva ilijaa. Miaka mitatu alikuwa akiomba diski nyingine ya kuhifadhia, na miaka mitatu akijibiwa "tutaangalia". Siku hiyo akatafuta faili kubwa na kuukuu kuliko yote, akalifuta kwa hasira bila hata kusoma jina; kumbe ndiyo nakala mama. Na amri ya kutuma aliiandika mwenyewe: kule mji wa pili kuwe kama huku, kikifutwa huku kifutwe na kule. Kesho yake asubuhi nakala mama ikafutika na kule, kisha ujumbe ukaja kama kawaida: imefanikiwa. Zikabaki nakala ndogo za kila siku, zote nzima, na bila mama yao hata moja haifunguki. Angekuwa peke yake angelia.

— Wenye intaneti wanachuja, alisema Profesa. Wanakunywa wao kwanza, nyie mnaletewa makapi.

— Acha hizo, alisema Kinyozi. Waya umepita chini ya ardhi. Panya akiuma pale, anajua mpaka ugonjwa wako.

— Nyie watoto, alisema Wakili. Kuna mtu anakitaka hiki kiwanja cha zahanati. Kwanza anaua kumbukumbu, halafu ananunua kuta. Diski, lete karatasi. Tunaandika: "hitilafu ya mtandao iliyosababishwa na watu wasiojulikana." Mficha uchi hazai, kaka!

Diski alijua methali hiyo inasema kinyume kabisa. Akampa karatasi hata hivyo, na akajisikia mwepesi, na wepesi huo ukamtia aibu. Wakili akaanza kuandika gotini, kwa mwandiko mzuri.

Akatoka mwanamke kwenye foleni, akavuka barabara. Mkononi alikuwa na kopo la vidonge.

— Samahanini, kaka zangu. Nimeambiwa fundi wa kompyuta anakaa hapa.

— Ni mimi, dada, alisema Diski.

— Mama ana ugonjwa wa moyo. Wiki mbili zilizopita daktari alimbadilishia dozi, akaiandika kwenye kompyuta. Hapa kwenye kopo ni ile ya zamani. Daktari mwenyewe kahama, simu haipokelewi, na mama tangu jana hasemi. Nesi anaogopa kubahatisha. Nauliza tu: ni kidonge kimoja au viwili?

Akilini Diski aliiona ile dozi waziwazi: mstari mmoja ndani ya nakala ya wiki mbili zilizopita, umefika salama mji wa pili, umekaa pale, na hakuna wa kuufungua.

— Panya, dada, alianza Kinyozi. Waya ume...

— Nyamaza, alisema Diski.

Akainuka, akaichukua karatasi kutoka gotini pa Wakili, akaikunja na mwandiko wake mzuri.

— Hakuna panya wala mtu asiyejulikana, dada. Nakala iliyokuwa na mafaili yote niliifuta mimi. Kwa mikono hii.

Mwanamke alimtazama kwa uchovu, kama mtu aliyejibiwa swali la jirani.

— Sikuuliza nani kafuta, kaka. Nimeuliza kimoja au viwili.