Placidi Kinunda, Aliyeliliwa Kabla ya Kufa

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Litembo na ndugu zetu mliopanda kutoka ziwani, mimi Alphonce Kinunda, baba mdogo wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kumsimulia kijana wetu kabla hatujamtoa hapa uani, nami nitamsimulia alivyokuwa, maana najua wengi wenu mmekuja na historia yenu kichwani.

Placidi Nazari Kinunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1996 katika Hospitali ya Litembo, mtoto wa pili wa Mzee Nazari, mkulima wa kahawa, na Mama Tadea, binti wa kijiji cha Mbaha, kule ziwani. Alisoma shule ya msingi hapa hapa Litembo kuanzia mwaka 2004 hadi 2010, kisha sekondari Mbinga mjini hadi 2014, ambako alimchora mwalimu wa hesabu ubaoni, akachapwa, na mchoro ukaachwa wiki nzima kwa kuwa mwalimu mwenyewe aliupenda. Huko huko, mwaka 2012, alianguka paredi, madaktari wakagundua kwamba valvu moja ya moyo wake imeharibika, na jambo hilo naomba mlishike.

Mwaka 2015 alianza kazi mjini, akichora vibao vya maduka na vya vinyozi, hadi Bwana Hamidu, mwenye studio ya picha, alipomwomba amchoree pazia la maporomoko ya maji ili maharusi wapigwe picha mbele yake. Pazia lilivuta wateja, lakini mchoraji mwenyewe alinung'unika kwamba maji yake hayatiririki, basi Hamidu akamtia kamera ya video mkononi, na kuanzia hapo kijana hakushikika. Alipiga video za kipaimara, harusi na misiba ya watu, akidunduliza, kwa nia ya kutengeneza filamu yake mwenyewe, isiyo na tajiri wa kumwamrisha.

Filamu hiyo, Mgeni Karudi, inayomhusu kijana anayerudishwa nyumbani ndani ya jeneza, aliipiga Agosti 2021 kwa wajomba zake Mbaha. Mwigizaji aliyekodiwa kulala jenezani aliona mfuniko unaletwa akatimua mbio, kwa hiyo Placidi akampa Hamidu kamera, akalala mwenyewe, akamwomba mama yake alie. Mara ya kwanza mama alicheka, mara ya pili machozi yaligoma, mara ya tatu mfuniko ulipofungwa alipiga yowe ambalo halikuwa la kuigiza hata kidogo. Majirani wakaja mbio na unga na kuni, mmoja wao akapiga simu Litembo kwamba Placidi hatunaye, kaka yangu akaacha kahawa juani, akateremka kwa bodaboda akiwa amebeba shuka la kumfunika mwanawe, akamkuta amekaa mkekani anakula ugali kwa usipa, dagaa wa ziwani.

Wapo waliocheka, kaka hakucheka. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki, na kilio cha mama ni hivyo hivyo, wakamwanulia matanga mtu aliye hai, na tangu siku hiyo dunia ikamwia finyu. Wenye maduka hawakutaka mkono wake kwenye vibao vyao, wazazi wa Ida, mchumba wake, walirudisha barua ya posa, ndiyo maana hakuoa wala hakuacha mtoto, na watoto wa njiani walimwamkia shikamoo marehemu. Baba yake alimwamuru arudi nyumbani, akisema aliyeliliwa hasafiri, hivyo mwaliko wa Dar es Salaam wa kuonyesha filamu na kuanza nyingine ukapita, naye akabaki hapa kuchimba ngolo, mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, na kuchuma kahawa hadi alipougua. Alitii, lakini utii ule ulimuumiza, alikuwa amefungwa bila kamba, na sote tulipita tukimwona.

Desemba iliyopita miguu ilianza kuvimba, akalazwa mara kadhaa, akafariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, kwa moyo kushindwa kazi. Ni moyo, ndugu zangu, ule ule wa mwaka 2012. Si jeneza, si kamera, wala si mama yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotuletea maji na kuni, na Bwana Hamidu, aliyefunga studio tangu Jumatatu.

Limebaki moja. Tangu msiba uingie Mama Tadea hajalia, nasi tumeshindwa kuinua jeneza huku yeye kimya. Nimesikia wanaosema ana moyo mgumu, na wanaosema machozi aliyamaliza Mbaha, lakini mwenyewe ametuambia kwamba anaogopa, akipiga yowe atabaki kumngoja mwanawe ainuke, kama alivyoinuka siku ile akaomba chakula.

Mama Placidi, shemeji yangu, safari hii hatainuka, wala si wewe uliyemwitia kifo. Lia, mama, tunakusubiri. Nawe Placidi, mwanangu, pumzika kwa amani.