Raia Mwema na Watoto wa Munira

Kaa kwanza, kahawa inakuja. Wewe ni mgeni hapa, na mgeni ni mtu mzuri wa kumwambia kosa lako, kwa sababu hajakuzoea. Mwenyezi Mungu analijua, mke wangu Maryamu analijua, na sasa nakuongeza wewe. Mimi Sufiani, muuza kahawa wa hapa Kwamndolwa, mtu wa darasa la nne na safu ya kwanza msikitini, nilisema uongo juu ya mzazi aliyekuwa na siku tisa tu tangu ajifungue. Sikulazimishwa wala sikulipwa. Mtendaji wa mtaa alikuja kunywa kahawa, akaniuliza habari za mtaani, na badala ya kusema ni salama nikaona nimpe habari yenye utamu kidogo. Nikamwambia kwamba Munira, mke wa Semboja, amewaachisha watoto wake shule, amewafanya mayaya, wanashinda uani kufua nepi. Sikuwa nimeona hata nepi moja. Mtendaji akatoa kalamu. Nilitaka kumzuia, lakini mdomo ulikuwa umeshafika mbali.

Kijiwe chenyewe unakiona: ubao mmoja juu ya matairi mawili ya trekta, kando ya lami, hapa hapa watu wanapovukia kwenda upande wa shule. Wanachama wa kudumu ni watatu. Mhina tunamwita Bunge, maana hawezi kuomba hata kashata bila kuomba mwongozo kwanza. Valentino ni Nyuzi. Amekata mkonge tangu ujana kama baba yake, na hadithi zake ukizivuta hazikatiki. Bonaventura ni Daktari. Alilinda geti la zahanati miaka sita, akaondoka na utaalamu wote isipokuwa cheti.

Siku nne baada ya ule uongo wangu, Jumatatu asubuhi, Bunge alifika akihema. Hakusalimia.

Bunge: Naomba mwongozo. Semboja kaletewa barua.

Nyuzi: Barua ya nini?

Bunge: Nimeisoma kwa macho yangu. "Kufuatia taarifa ya raia mwema." Alhamisi anakuja afisa elimu kata. Akikuta watoto wameachishwa shule bila sababu, Semboja anaitwa ofisini, na huko si kwa siku moja.

Nyuzi: Basi kazi imekwisha hiyo. Kule shamba la mkonge ukikosa siku mbili, ya tatu wanamkuta mwingine na panga lako.

Daktari: Na ana kichanga ndani.

Bunge: Ndiyo nauliza, huyu raia mwema ni nani?

Nyuzi: Mwema gani huyo? Mtu anamchongea mzazi aliye ndani ya arobaini, huo wema kauokota wapi?

Mimi: Niongeze kahawa?

Bunge: Sufiani, kikombe changu umekijaza mara tatu, na bado sijanywa.

Nikarudi kwenye jiko langu nikawa napuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Nyuzi: Mimi nilipita uani kwa Munira jana, nikitokea shamba. Mlango wa uani umeandikwa kwa mkaa juu mpaka chini. Herufi tupu. Yeye kakaa ndani kwenye godoro, kichanga kiko ziwani, mkono mmoja kashika njiti ya ufagio anaonyesha. Watoto wako kizingitini kwenye mkeka, Mashavu wa darasa la kwanza na mdogo wake Rama wa awali.

Bunge: Kwa hiyo nepi nani anafua?

Nyuzi: Nepi anafua bibi yao. Lakini nepi ndiyo hesabu yenyewe. Zimeanikwa kumi na mbili kwenye kamba. Munira anamwambia Rama, nenda kaanue nne, zimebaki ngapi? Rama anasema nane. Mara kichanga kikachafua. Munira akauliza tena, sasa tunazo safi ngapi kwa jumla? Rama akakaa chini kabisa, akasema mama, huyu mtoto anaharibu hesabu.

Walicheka wote. Mimi sikuweza. Nilikuwa nahesabu siku mpaka Alhamisi, na jibu langu lilikuwa linatoka lile lile.

Daktari: Mnacheka, lakini kuna jambo hapo la kitaalamu. Mama akinyonyesha huku anafundisha, herufi zinapita na maziwa. Sisi zahanati tuliliona hilo.

Bunge: Wewe uliliona ukiwa getini.

Daktari: Hospitali inaanzia getini. Wote walikuwa wanaandikisha kwangu. Nakwambia, kile kichanga kikifika arobaini kitakuwa kimemaliza irabu zote. Siku ya akika, sheikh akianza kugawa nyama, kitamwuliza mbuzi mmoja kwa watu sitini kila mtu anapata nini.

Nyuzi: Na sheikh atakosa jibu, maana siku hizi ni mchuzi tu.

Bunge: Hoja ya Daktari naipinga. Munira anafungua shule ya kulipia. Fikirini. Nyumba yenye mzazi haikaguliwi, mwanamume haruhusiwi kuingia, mkaguzi atasimama wapi? Siku arobaini zinamtosha kuandaa. Ya arobaini na moja mnaona basi la njano, sare, soksi nyeupe, na ada kwa muhula.

Nyuzi: Basi la njano litapita wapi kwenye kile kichochoro?

Bunge: Watavunja nyumba yako.

Nyuzi: Thubutu. Mimi nasema kuna simu. Simu ile inaongea na mwalimu wa Dar, na yule mwalimu naye anaongea na mtambo huko juu. Munira anatikisa midomo tu. Kwanza mliwahi kumwona mwanamke ana kichanga cha wiki mbili na bado anakumbuka jedwali la tatu? Mke wangu alipojifungua Getruda alisahau jina langu mpaka Pasaka.

Daktari: Hakusahau. Alikuwa hataki.

Wakarudi kwa raia mwema. Bunge akasema ni mtu anayeutaka uenyekiti wa mtaa, anaanza kujijengea jina mapema. Nyuzi akasema ni muuza maandazi wa pale shuleni, kapoteza wateja wawili wa uhakika. Daktari akanywa kahawa polepole, akasema kwa ushahidi alionao yeye, yule si binadamu. Ni jini la kwenye choo cha shule, limewazoea watoto na limewakumbuka. Nakiri mbele yako, nilitamani sana kijiwe kikubali hoja ya jini. Nilisema hata mimi nimewahi kusikia kuna jini pale. Kwa hiyo siku hiyo nikaongeza uongo wa pili, na birika likaniunguza mkono.

Alhamisi walifika mapema kuliko siku zote, kila mmoja akiwa na shati safi, kama watu waliokuja kutoa ushahidi ambao hakuna aliyewaomba. Saa mbili hivi ikasimama pikipiki. Akashuka mama mmoja kijana, mabuti yamejaa matope, kofia ngumu kaikumbatia, na faili kwapani.

- Shikamooni, wazee.

Bunge: Marahaba, mwanangu. Karibu benchi. Wewe ni wa mbegu au wa bima?

- Nina kiu tu. Naomba kahawa.

Sikio jipya kijiweni ni kama sukari kwa sisimizi. Hawakusubiri hata anywe. Walimpa yote: mlango wa mkaa, nepi kumi na mbili, basi la njano, mtambo wa huko juu, maziwa yenye irabu. Kila mmoja alimkatiza mwenzake. Yule mama alisikiliza, alicheka palipostahili, kisha akauliza kwa upole tu.

- Kabla mama yao hajajifungua, hao watoto walikuwa wanaenda shule?

Bunge: Kila siku. Hawakosi.

- Waliendaje?

Nyuzi: Mama yao alikuwa anawavusha hapa. Baba yao huondoka alfajiri na trekta la shamba, na bibi yao macho yamepungua, hawezi lami. Mabasi ya Arusha haya unayaona, hayajui mtoto wala mbuzi.

- Kwa hiyo sasa hawaendi kwa sababu mama yuko ndani ya arobaini, na hakuna wa kuwavusha.

Bunge: Umesema kweli. Tatizo ni barabara.

- Na ninyi wazee wangu, mnafika hapa saa ngapi?

Daktari: Saa kumi na mbili na nusu. Hatuna masihara na muda.

- Wote?

Daktari: Wote. Sufiani hata kabla.

Aliitazama barabara, akalitazama benchi. Ni hatua kumi na nne, nimezipima baadaye.

- Basi kwa nini hakuna aliyewavusha?

Likapita basi, likatuachia vumbi. Daktari akaanza, "Kitaalamu," akaishia hapo hapo. Nyuzi alikuwa anatafuta kitu ndani ya kikombe kitupu. Bunge hakuomba mwongozo. Miaka yote niliyomjua, ndiyo mara ya kwanza.

Yule mama akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Akasema anaitwa Hilaria, ndiye afisa elimu kata, na akaomba aonyeshwe njia ya kwa Semboja. Nilimwonyesha kwa kidole.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Maryamu, aliyekuwa jikoni kwa Munira akimpikia uji wa pilipili manga. Anasema Hilaria alibisha hodi, na Munira, bila hata kuuliza ni nani, akamwambia karibu mama, maji yako pale, nawa mikono, nishikie mtoto nimalize hesabu ya kutoa. Ndiyo kanuni ya nyumba ile tangu mwanzo. Kila anayekuja kumwona mtoto anaacha sabuni yake, halafu anachagua: ama anashika kichanga, ama anafundisha. Muuza dagaa aliwafundisha mafungu. Shangazi mmoja wa Bungu aliwafundisha kupima kwa kibaba, na yeye alikuja kwa nusu saa tu, akaondoka jioni.

Basi afisa akashika mtoto. Mashavu akasoma kadi ya kliniki ya kichanga, kuanzia jina mpaka uzito mpaka tarehe ya kurudi, neno kwa neno, akimalizia na "usikose". Rama akasoma karatasi ya sabuni. Aliposhindwa herufi moja, kichanga kikalia, akasema ngoja mama amnyonyeshe, tutaendelea. Akakunja mikono akasubiri kama mzee wa baraza. Ndipo Munira akauliza, samahani mama, kwani wewe ni mgeni wa nani? Akaambiwa. Maryamu anasema Munira alivuta khanga mpaka machoni na akaanza kulia, akasema mume wangu asiitwe, niiteni mimi, ila mningoje nitoke arobaini. Hilaria akamwambia hakuna anayeitwa. Wakati huo kichanga kilikuwa kimeshalowesha faili.

Aliporudi hapa hakukaa. Alisema ameandika kwamba watoto hawajaacha shule. Wataendelea kusoma nyumbani mpaka mama yao atoke, ila Jumatatu na Alhamisi waende darasani, madaftari yakaguliwe na wakae na wenzao. Saa moja kasoro robo wawe wameshavuka. Hakusema avushe nani. Akawasha pikipiki.

Bunge alipendekeza iundwe kamati. Daktari akaanza kutueleza habari za goti lake la kushoto. Mimi nikasema nitawavusha. Wakanisifu sana, Nyuzi akasema ndiyo faida ya dini, na kila sifa niliimeza kama dawa ya minyoo.

Nimewavusha mara tano mpaka sasa. Rama ananishika kidole kimoja, hataki kiganja; Mashavu anahesabu magari na ananisahihisha nikikosea. Na kila ninapowachukua, Munira ananiambia kutoka nyuma ya pazia: "Mzee Sufiani, Mungu akulipe. Yule raia mwema angekuwa na roho kama yako, nisingelia siku ile." Mimi nasema amina. Mara tano nimesema amina. Naingia kwenye sala nayo na natoka nayo. Nimeshamwambia Mungu, nikidhani inatosha, lakini Maryamu amenieleza kama anavyomweleza mtoto: haki ya Mungu, Mungu anasamehe, haki ya Munira iko kwa Munira. Juzi Jumatatu nilifungua mdomo pale kwenye pazia, yakatoka maneno ya hali ya hewa.

Leo Alhamisi. Wanachama wangu wamekwenda mazishini Mombo, na nashukuru, maana mbele yao ningetafuta tena lile jini. Bado siku tatu arobaini itimie, na sitaki aje atoke nje kwa furaha yake, aje kunishukuru hapa benchini mbele za watu kabla hajanijua. Kahawa yako hii hapa, na hailipwi.

Nakuomba kitu kimoja. Nishikie birika. Anayekuja mpe kikombe, makaa usiyaache yazime. Nakwenda kuwachukua watoto, na kabla sijamshika Rama mkono nitamwambia mama yake ni mimi. Akinikataza nisiwaguse tena, basi njoo wewe uwavushe.